Mcheza kwao hutunzwa, au huuzwa?

Neno "mchezo" katika Kiswahili limebeba mizigo miwili. Kandanda ni mchezo, kriketi ni mchezo, na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, nayo ni mchezo. Anayekimbiza mpira kiwanjani ni mchezaji. Anayepanda jukwaani na kuvaa joho la mfalme ilhali si mfalme, naye ni mchezaji vile vile. Waliotuachia lugha hii hawakuwa na upungufu wa maneno. Huenda waliona kwamba mambo haya mawili ni ndugu: yote yanahitaji uwanja, yote yanahitaji watazamaji, na yote hayana maana ikiwa anayecheza hakuutia moyo wake humo.

Hata hivyo ndugu hawa wawili wana tofauti moja kubwa. Mtazamaji wa jukwaani anajua kwamba yanayotendeka mbele yake yamepangwa. Mtu akiuawa katika onyesho la kwanza, tunajua atainuka nyuma ya pazia na kunywa chai. Hatukudanganywa, kwa kuwa tulikubaliana tangu mlangoni. Kiwanjani mapatano ni kinyume. Hapo hakuna anayepaswa kuujua mwisho, si kapteni, si mwamuzi, si tajiri aliyekaa kwenye kivuli. Siku mwisho utakapojulikana na watu wachache kabla ya mpira wa kwanza kurushwa, kiwanja kimegeuka jukwaa, wachezaji wamegeuka waigizaji, nao watazamaji waliolipa kiingilio ndio pekee wasiojua kwamba wanatazama maigizo.

Hiyo ndiyo hadithi ya kriketi katika miongo ya karibuni, na ndiyo hadithi ambayo jukwaa letu la Kiswahili lingefaa kuishika. Tena tunasema ishikwe hapa hapa Voi na katika Taita Taveta nzima. Msomaji asicheke, sababu zipo, nasi tutazieleza.

KILELE NA MTEREMKO

Kwanza tukumbushane yaliyotokea. Kriketi iliingia nchini kwa mlango wa pwani. Mchezo wa kwanza unaokumbukwa kwenye maandishi ulichezwa Mombasa mwaka 1896, wakati ule ule reli ilipokuwa inaanza safari yake kuelekea bara. Kwa miaka mingi ulikuwa mchezo wa Wazungu na Wahindi. Hata timu ya Afrika ya Mashariki iliyokwenda Uingereza kwa Kombe la Dunia la kwanza mwaka 1975, ikapoteza mechi zake zote tatu, ilitegemea zaidi wachezaji wenye asili ya Kihindi. Kisha vijana Waafrika wa Nairobi wakaujua, wakaupenda na kuumiliki. Majina kama Tikolo, Odumbe, Obuya, Odoyo na Suji yakaanza kusikika kwenye vilabu kama Swamibapa, Aga Khan na Kanbis.

Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune huko India, Kenya iliwashinda West Indies. Wakenya walipata mikimbio 166 tu, jumla ambayo wengi waliiona ndogo. Lakini West Indies, pamoja na Brian Lara wao aliyetoka na mikimbio 8, walimalizwa wote kwa 93. Kapteni wa Kenya, Maurice Odumbe, aliwatoa wapigaji watatu kwa mikimbio 15, akachaguliwa mchezaji bora wa siku ile.

Miaka saba baadaye, 2003, Kombe la Dunia liliandaliwa na Afrika Kusini pamoja na Zimbabwe na Kenya. New Zealand walikataa kuja Nairobi wakihofia usalama, Kenya ikapewa pointi za bure. Waliosema kwamba Kenya ilibebwa na bahati walijibiwa tarehe 24 Februari, pale Sri Lanka walipokuja Nairobi na kushindwa kwa mikimbio 53, huku Collins Obuya akiwatoa watu watano. Timu ya Steve Tikolo ilikwenda hadi nusu fainali mjini Durban, ikashindwa na India. Mpaka leo hakuna nchi nyingine isiyokuwa mwanachama kamili wa baraza la kriketi la dunia iliyofika hapo katika Kombe la Dunia la ova 50.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawa walicheza kwao na ugenini, wakashangiliwa kote. Je, walitunzwa? Mwaka 2004 wachezaji walikuwa katika mgomo wakidai malipo yao. Mwaka huo huo, mwezi Agosti, baada ya kesi iliyosikilizwa na jaji Ahmed Ebrahim wa Zimbabwe, Odumbe alifungiwa miaka mitano kwa kupokea fedha kutoka kwa mchezesha kamari wa India. Yeye aliyakana mashtaka. Mwaka 2005 serikali ilikivunja chama cha kriketi kilichokuwa kikilaumiwa kwa uendeshaji wa fedha, kikaundwa kingine. Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja za kimataifa. Kutoka nusu fainali ya dunia hadi kukosa hadhi hiyo ilichukua miaka kumi na moja tu.

Kisa hakikuishia hapo. Odumbe alimaliza adhabu yake, akarudi kiwanjani mwaka 2009 akiwa na umri ambao wengi huwa wamekwisha kustaafu, na mwaka 2018 akateuliwa kocha wa timu ya taifa. Mwandishi wa tamthilia anahitaji nini zaidi? Hapa pana kupanda, kuna kuanguka, na kuna kurudi. Wagiriki wa kale walitunga michezo juu ya watu walioanguka kutoka juu, na dunia inaisoma mpaka leo. Sisi tunacho kisa chetu wenyewe, nacho kimelala magazetini.

SOKO LA WATU

Atakayetunga mchezo huu asifanye kosa la kumtafuta mwovu mmoja, kumning'iniza mwisho wa onyesho la tatu na kuwapeleka watu nyumbani wakiwa wameridhika. Mchezaji anayeuza mechi hauzi peke yake. Lazima awepo mnunuzi, na lazima liwepo soko lililowakutanisha.

Soko hilo lilijengwa hatua kwa hatua. Mwaka 1977 tajiri wa televisheni wa Australia, Kerry Packer, alinyimwa haki ya kuonyesha mechi, akaamua kuwanunua wachezaji bora wa dunia na kuanzisha mashindano yake mwenyewe. Tuseme kweli: wachezaji wengi walimshukuru, kwani vyama vyao vilikuwa vikiwalipa kidogo mno. Mwezi Februari 2008, mjini Mumbai, wachezaji wa ligi mpya ya India walipigwa mnada mbele ya matajiri, na Mahendra Singh Dhoni akanunuliwa kwa dola milioni 1.5 za Marekani. Mwezi Novemba mwaka huo huo, tajiri Mmarekani Allen Stanford aliandaa mechi moja kisiwani Antigua yenye zawadi ya dola milioni 20. Mwaka 2012 Stanford alihukumiwa kifungo cha miaka 110 kwa ulaghai wa mabilioni ya watu walioweka akiba zao kwake.

Katika soko kama hilo, wachezesha kamari walikwisha pata milango. Mwezi Januari 2000, huko Centurion, kapteni wa Afrika Kusini Hansie Cronje alikubali kuichangamsha mechi iliyokuwa imekufa kwa mvua, ili mshindi apatikane. Watu walimsifu kwa uungwana. Baadaye ilijulikana kwamba alikuwa amepewa fedha pamoja na koti la ngozi. Alifungiwa maisha, na mwaka 2002 alifariki katika ajali ya ndege. Mwezi Agosti 2010, katika kiwanja cha Lord's mjini London, warushaji wawili wa Pakistan walivuka mstari kwa makusudi mara tatu, kwa saa zilizokwisha kupangwa na wakala aliyepokea fedha. Mmoja wao, Mohammad Amir, alikuwa na miaka 18. Mwaka uliofuata walifungwa jela, pamoja na kapteni wao na wakala huyo.

Hebu tuyatazame mambo haya kwa jicho la jukwaa. Koti la ngozi limetundikwa kwenye kiti tangu pazia linapofunguliwa. Hakuna anayeligusa, ila kila mtu analitazama. Mstari mmoja umechorwa kwa chaki sakafuni. Kijana wa miaka 18 anakimbia, anaukaribia, na ukumbi mzima unautazama mguu wake. Hatuhitaji kiwanja wala nyasi. Hatuhitaji hata mpira. Hatia yote ya kriketi ya kisasa inaingia katika hatua moja ya mguu wa kijana.

VOI INAHUSIKA NINI?

Hapo ndipo msomaji wa Voi atakapouliza: haya ya Durban na London yananihusu nini mimi? Hapa vijana hucheza kandanda, na wengi hawajapata kushika gongo la kriketi.

Jibu la kwanza liko relini. Voi ni mtoto wa reli. Reli ile ile iliyojengwa na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India ndiyo iliyopita hapa ikielekea Tsavo na Nairobi, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ikachepuka kutoka Voi kwenda Taveta ili kubeba askari. Makaburi ya vita yaliyopo Voi yanashuhudia. Kriketi ilisafiri na watu wa reli hiyo. Kama mchezo huo ulituacha njiani bila kushuka, basi hilo nalo ni sehemu ya hadithi: ni nani aliyeamua wapi mchezo ushuke na wapi upite?

Jibu la pili ni zito zaidi. Watu wa Taita Taveta wanaijua hali ya kuwa na mali inayofahamika duniani huku wao wakiitazama ikipita. Mbuga za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya eneo la kaunti. Kito cha kijani kinachochimbwa katika ardhi hii kilipewa jina la tsavorite na kampuni ya Tiffany ya New York mwaka 1974. Jina ni letu, lakini bei hupangwa kwingine. Na katika sanaa tunaye Fadhili William, mzaliwa wa huku, ambaye ndiye anayefahamika zaidi kwa kuurekodi wimbo wa Malaika. Wapo wengine waliodai kuutunga, na mabishano hayo hayajesha. Lakini jambo moja halina mabishano: wimbo huo uliimbwa na Miriam Makeba, Harry Belafonte na Boney M, ukaizunguka dunia, na Fadhili William alifariki mwaka 2001 bila kuwa miongoni mwa waliotajirishwa nao.

Mtu aliyeyaona hayo hahitaji kuelezwa kwa kirefu jinsi mchezaji anavyoweza kushangiliwa na watu elfu ishirini huku mfuko wake ukiwa mtupu. Anahitaji kuoneshwa tu kwamba mchezaji yule ni jirani yake.

Na jibu la tatu limo mfukoni mwa kila kijana. Zamani mwenye kutaka kamari alikwenda kuitafuta. Siku hizi kamari inamfuata mtu kwenye simu yake, iwe stendi ya Voi, sokoni Mwatate au juu milimani Wundanyi. Kijana anaweka shilingi hamsini juu ya timu ambayo hataiona kamwe, inayocheza katika mji asioweza kuutamka. Hajui kama mechi ile imeuzwa. Ikiwa imeuzwa, shilingi zake hamsini ndizo zilizoununua mguu wa kijana mwenzake uvuke mstari. Kwa hiyo yeye si mtazamaji tu. Amekwisha kuwa mmoja wa waigizaji, ingawa hakuna aliyempa maneno yake.

JINSI YA KUIPANDISHA JUKWAANI

Michezo ya jukwaani juu ya kriketi si kitu kigeni duniani. Mwaka 1979 Mwingereza Richard Harris alitunga Outside Edge, kichekesho kuhusu klabu ndogo ya kriketi na ndoa za wanachama wake. Mwaka 2019, mjini San Francisco, ilionyeshwa Testmatch ya Kate Attwell, inayowaweka wachezaji wanawake wa Uingereza na India pamoja wakingoja mvua ikatike, kisha inarudi nyuma hadi siku za kampuni ya Waingereza iliyoitawala India. Waandishi hao wote wawili waligundua jambo moja: kriketi ni mchezo wa kungoja. Wapigaji wengi hukaa wamevaa vifaa wakingojea zamu. Na penye kungoja pana mazungumzo, na penye mazungumzo ndipo pana tamthilia.

Mtunzi wetu angeweza kuanza hapo hapo. Chumba cha kungojea. Kapteni, mdogo wake aliyeitwa timu ya taifa wiki hiyo, mzee anayetunza kiwanja, karani wa chama anayesema kila mara kwamba hundi iko njiani, na mgeni mwenye adabu sana anayeleta zawadi na kuuliza habari za hali ya hewa tu. Maana ndivyo biashara hiyo inavyoanza. Hakuna anayekuja siku ya kwanza akasema, "Niuzie mechi." Huuliza kama kiwanja ni kikavu. Huuliza nani ana maumivu ya goti. Hulipia karo ya mtoto. Siku akiomba kitu kikubwa, deni limekwisha kuwa refu kuliko ulimi wa kukataa.

Watazamaji wasioijua kriketi wasimtishe mtunzi. Sheria anayohitaji ni moja tu, ya mstari usiovukwa, na hiyo mtoto wa darasa la pili ataielewa. Ngoma nazo tunazo. Mwazindika ya Wadawida ina mapigo yanayoweza kubeba mbio za mrushaji kuliko kinanda chochote cha kukodi, mradi itumiwe kwa heshima yake na kwa ushauri wa wanaoijua, isije nayo ikawa kitu cha kupigwa mnada.

Kuhusu majina, tungeshauri yabadilishwe. Kisa cha Odumbe kilisikilizwa, kikaamuliwa, naye akaitumikia adhabu yake. Jukwaa si mahakama ya rufani wala si mti wa kumnyongea mtu mara ya pili. Kazi yake ni kuuliza yale ambayo mahakama haikuulizwa. Kwa nini timu iliyotoka nusu fainali ya dunia iligoma kwa ajili ya malipo? Fedha za kriketi zilipita mikononi mwa nani? Na kwa nini kila mara anayeanguka ni yule aliyevaa jezi, huku aliyevaa suti akihama tu kutoka kiti kimoja hadi kingine?

NI NANI ATAKAYELIPIA?

Hapa inatupasa kuwa wakweli, kwani jukwaa nalo lina soko lake. Sehemu kubwa ya michezo ya Kiswahili inayozunguka katika shule zetu ni ile ya vitabu vilivyoteuliwa kwa mtihani. Vikundi vimesafiri na Kigogo, kisha na Bembea ya Maisha, wanafunzi wakalipa, waalimu wakafurahi kwamba kitabu kimeeleweka. Si kazi mbaya; imewapa waigizaji wengi chakula. Lakini wizara ikibadilisha kitabu, mchezo hufa siku hiyo hiyo. Na katika tamasha la kitaifa la maigizo la shule, lililoanza mwaka 1959 na ambalo limetukuzia waigizaji wengi, zipo shule zinazokodi watunzi na wafunzi kutoka nje ili kulifukuzia kombe. Mwanafunzi hupewa maneno ayakariri. Basi tujiulize kama hilo nalo si mbegu ya ugonjwa ule ule: ushindi ukishakuwa bidhaa, atatafutwa wa kuuuza.

Mchezo juu ya kuuzwa kwa mchezo hauwezi kuanza kwa kujiuza. Njia nyingine ipo, na ilikwisha onyeshwa nchini humu. Mwaka 1977 huko Kamiriithu, Limuru, wakulima na wafanyakazi walijenga jukwaa lao wenyewe la wazi na kucheza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Serikali ya wakati ule iliufuta mchezo huo baada ya wiki chache na kumweka Ngũgĩ kizuizini, jambo linaloonyesha jinsi ulivyogusa. Tunalochukua Kamiriithu ni namna ya kufanya: watu wenyewe kuyasahihisha mazungumzo, wenyewe kuleta nyimbo, wenyewe kuwa watazamaji na wachezaji.

Voi ina shule, ina chuo kikuu, ina uwanja, na ina wasafiri wanaoshuka garini kila siku kutoka Mombasa na Nairobi. Ina pia vijana wenye vipaji ambao jioni hawana pa kwenda ila kuinamia simu zao. Kikundi cha watu kumi, chaki ya kuchora mstari na koti moja kuukuu la ngozi vinatosha kwa kuanzia. Watunzi wetu wa Kiswahili wametuandikia vyema juu ya wakoloni, madiwani na machifu. Sasa wawaandike wachezaji.

Maana mechi iliyouzwa huapa kwamba ni ya kweli, na kumbe ni uongo. Mchezo wa jukwaani hukiri tangu mwanzo kwamba ni uongo, kisha hutwambia kweli. Ndiyo maana wa kuufichua uigizaji wa kiwanjani ni mwigizaji mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye anayeijua kazi hiyo, naye hakumficha mtu kwamba anaigiza.